Ni “mikondo ya nodi inayotoka” au “mikondo inayotoka kwenye nodi”?

Msomaji anayefundisha saketi za umeme anaeleza kwamba mwanafunzi wake aliandika, “Jumla ya mikondo ya nodi inayotoka ni sifuri,” kisha akachanganya alama za kujumlisha na kutoa katika mlinganyo wake. (Nodi ni mahali sehemu za saketi zinapoungana.) Anauliza kama kosa ni la lugha au la hesabu.

Kwa maoni yangu, kosa limeanzia kwenye lugha. Mikondo huchukua kiambishi i- katika upatanisho wa kisarufi, na nodi, ikiwa moja, huchukua i- hiyohiyo. Kwa hiyo “inayotoka” likikaa baada ya nodi, sikio hulishikiza kwenye nodi, ambayo haiendi popote. Kirejeshi, yaani neno kama “inayotoka”, kikae karibu na nomino yake: “Jumla ya mikondo yote inayotoka kwenye nodi ni sifuri.” Hiyo ndiyo kanuni ya mikondo aliyoitoa mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff mwaka 1845, na mwanafunzi akishaiandika hivyo amejifunga kuuandika kila mkondo kana kwamba unatoka, hata ule anaojua kwamba unaingia.

Hapo Kiswahili kina msaada mzuri. Mkondo unaokwenda kutoka nodi A hadi nodi B kupitia kikinzani (kifaa kinachopinga mkondo) chenye ukinzani R ni (VA − VB)/R, VA na VB zikiwa volteji za nodi hizo: nodi inayotajwa kwanza ndiyo inayoandikwa kwanza katika kutoa. Tuchukue nodi moja yenye volteji V, iliyounganishwa na chanzo cha volti 12 kupitia kikinzani cha omu 2, na kwenye nodi ya rejea, yaani ile inayohesabiwa kuwa na volti sifuri, kupitia kikinzani cha omu 4. Mwanafunzi aseme, “kutoka kwenye nodi hadi kwenye chanzo,” aandike (V − 12)/2. Aseme, “kutoka kwenye nodi hadi kwenye rejea,” aandike V/4. Jumla ikiwa sifuri, V ni volti 8. Mkondo wa kwanza unakuwa ampea −2, na alama hiyo ya kutoa yenyewe inaeleza kwamba mkondo huo kwa kweli unaingia, kwa hiyo asirudi nyuma kuirekebisha.

Asiandike pia “volteji inayopita kwenye kikinzani.” Kinachopita ni mkondo, volteji huwa baina ya ncha mbili za kikinzani, na tunaposema “volteji ya nodi” kwa kifupi, ncha ya pili ni nodi ya rejea, ambayo lazima itajwe kabla ya mlinganyo wa kwanza kuandikwa.