Carina Ti inakosa nguvu mlimani: tazama mshale wa RPM kabla hujashusha gia boksi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, ni kama umenisimulia gari langu. Unasema Toyota Carina Ti yako ya otomatiki ikianza kupanda mlima wa Isamilo hapa Mwanza inakosa nguvu, eksozi inanguruma, na fundi ameshakwambia gia boksi imekwisha, utafute ya mtumba. Nakuomba usitoe hiyo hela wiki hii.

Mimi mwaka 2019 niliitoa. Ti yangu, injini ya 5A, tambarare ilikuwa haina neno. Buhongwa mpaka Usagara huoni shida. Mlimani sasa, unakanyaga mpaka mwisho na gari linatambaa na 20. Gereji moja hapa mjini wakasema plates za ndani ya gia boksi, zile sahani zinazoshika gia, zimeisha. Nikanunua gia boksi ya mtumba laki saba na nusu, wakaifunga kwa siku mbili. Jioni ile ile nikapanda Isamilo na familia yangu ndani: gari ni lile lile. Iliniuma sana, kwa sababu ile ilikuwa ada ya watoto.

Hakuna aliyekuwa ametazama mshale wa RPM, ule wa dashibodi unaoonyesha mizunguko ya injini kwa dakika. Gia boksi inayoteleza, ukikanyaga mafuta mshale unaruka, injini inalia kwenye 4,000 na gari haliongezi mwendo. Eksozi iliyoziba ni kinyume chake: unakanyaga na mshale wenyewe unagoma kupanda. Wangu ulikuwa hauvuki 2,500. Moshi ukikosa pa kutokea, hewa mpya nayo haipati nafasi ya kuingia, basi injini inakabwa. Kama dashibodi yako haina mshale huo, tumia sikio: injini inapiga kelele bure, au inaguna tu?

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa eksozi, mtu mzima, upande wa Mabatini. Aliingia chini akagonga masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi, chenye vitundu kama vya sega la nyuki) kwa nyundo ya mpira, yakalia kama karanga kavu ndani ya kopo. Akapulizia dawa ya kutu kwenye nati za kiungo kilicho kabla ya masega, akazilegeza mpaka ukapatikana upenyo, akaniambia, "Haya, panda mpaka pale juu urudi." Kelele ilikuwa ya kutisha, lakini gari lilipanda kama limeshushwa mzigo. (Jaribio hili liwe la umbali mfupi tu, maana ule moto unaotoka hapo unaweza kuunguza nyaya.) Alipoyakata na kunionyesha, vile vitundu vyote vya mbele vilikuwa vimeyeyuka na kushikana, kidole hakipiti, pumzi haipiti.

Na masega hayazibi yenyewe. Gari langu lilikuwa na waya wa plagi uliopasuka, silinda moja inamisi (haiunguzi petroli sawasawa) miezi kadhaa, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega mpaka yanayeyuka. Injini inayokula oili nayo huyaua. Kwa hiyo ukifunga mengine bila kutibu misi, yatakufa na hayo. Utaambiwa "toboa tu, weka bomba tupu". Gari litavuta, ni kweli, ila moshi ule mchafu tutauvuta sisi na watoto wetu kwenye foleni ya Buzuruga. Mimi nilitafuta ya mtumba yaliyo mazima. Yale mabovu ondoka nayo, usiyaache gereji: ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaoyanunua.

Huo mngurumo wako ni wa bomba lililotoboka. Barabara zetu za milimani zina mawe, raba zinazoning'iniza eksozi zinakatika, viungo vinaachia. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashe, mtu azibe mkia wa eksozi kwa tambara nene sekunde chache, wewe sikiliza panapotoa pumzi na utafute masizi. Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia, kompyuta inadhani petroli ni pungufu na kuiongeza, ulaji wa mafuta unapanda. Likiwa chini ya viti, hilo ni la leo leo. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu. Ukiona watoto wanalalamika kichwa safarini na vioo vimefungwa, simamisha gari.

Kama mshale unaruka kweli, hapo ni gia boksi, lakini hata hapo anza na stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Gari liwe limetembea likapata moto, lisimame tambarare, injini ikiwaka. Pitisha gia zote, rudisha P, ndipo upime kwenye alama za HOT. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Aina ya oili imeandikwa kwenye stiki yenyewe, usichanganye. Ile gia boksi yangu ya mtumba mwaka uliofuata ilianza kuchelewa: unatia D, unahesabu moja, mbili, ndipo inashika. Kumbe sili ya draivu shafti, ile raba inayozuia oili pale shafti ya tairi inapoingia kwenye gia boksi, ilikuwa inavuja. Sili moja na lita moja na nusu ya oili, ikapona mpaka leo.

Taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) ikipepesa yenyewe, kuna kosa limehifadhiwa. Unganisha kwa kipande cha waya sehemu zilizoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, fungua swichi bila kuwasha injini, O/D ikiwa imewashwa, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara nne kisha mara mbili ni 42, yaani sensa ya spidi. 62 na 63 ni solenoidi, vali za umeme za kubadilisha gia. Solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampu (bakuli la oili la chini) ya gia boksi, haihitaji kuishusha yote.

Kesho panda Isamilo na mtu wa kukusomea mshale, wewe macho barabarani. Niandikie namba aliyoiona na kama ile taa inapepesa.