Unga chini ya mbuzi ya nazi

SWALI: Shikamoo Bibi. Natunza chumba cha vitu vya kale hapa Bagamoyo. Chini ya mbuzi ya kukunia nazi kila asubuhi nakuta unga mweupe. Ni mchwa? Nipulize dawa ya mende?
– Mtunza chumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo chupa ya dawa iweke chini kwanza. Mchwa hamwagi unga, hujenga vijia vya udongo ukutani. Unga laini kama poda ya mtoto, pamoja na vitundu vya duara vya milimita 1 au 2, ni kazi ya fukusi, mdudu mdogo anayetoboa mbao. Anafuata wanga ulio kwenye mbao nyeupe ya nje ya mti; kiini cha mvule humshinda.

Tundu jipya ndani ni jeupe, la zamani limefifia. Ikung'ute mbuzi, iweke juu ya karatasi nyeusi mbali na wapita njia, maana hata mtikisiko huangusha unga wa zamani. Ukiona kirundo kipya cha unga, fukusi yumo.

Ifunge kwenye nailoni, toa hewa, itie kwenye friza wiki 2. Ukiitoa usiifungue mpaka kesho yake, jasho libaki nje ya nailoni. Vitu vilivyopakwa rangi au vyenye pembe usigandishe.

Mafuta ya taa? Niliwahi kukipaka kinyago. Doa lipo mpaka leo, na fukusi walirudi.

Na kikapu cha ukindu kilicho jirani, kigeuze ukitazame.