Mgonjwa Mmoja, Kipimo Kimoja: Ushauri kwa Wanaopima Uwezo wa Akili Baada ya Kiharusi

Katika kazi yangu ya tiba kazi kwa wagonjwa wa kiharusi, nimeona mara nyingi mgonjwa akipimwa kumbukumbu na umakini wodini, kisha akapimwa tena kliniki baada ya wiki kadhaa, na alama za mara ya kwanza na za mara ya pili zisiweze kulinganishwa hata kidogo. Familia huuliza kama mzee amepata nafuu, nasi hatuna jibu la kweli, kwa kuwa huenda kilichobadilika ni mpimaji au maelekezo yake, wala si hali ya mgonjwa. Kwa hiyo nawashauri wenzangu, kabla ya kutafuta kipimo kingine kipya, wakubaliane namna moja ya kukitumia kile walicho nacho.

Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani na Kanada walipendekeza seti tatu za vipimo kwa kupungua kwa uwezo wa akili kunakotokana na matatizo ya mishipa ya damu: ya dakika 60, ya dakika 30 na ya dakika 5. Kwenye wodi yenye msongamano, anzeni na ile fupi. Imetolewa ndani ya MoCA (Montreal Cognitive Assessment), kipimo cha uwezo wa akili chenye alama 30, nayo ina kukumbuka maneno matano, maswali sita ya tarehe na mahali, na kutaja maneno yanayoanza na herufi moja.

Hapo kwenye herufi ndipo Kiswahili kinapodai uamuzi wetu wenyewe. Kwa Kiingereza hutumika F. Kwa Kiswahili, herufi M imebeba nomino nyingi za watu na miti, na mgonjwa akipewa A anaweza kutiririsha anakula, analala, anacheza, bila kutafuta chochote kichwani. Chagueni herufi moja, amueni kama vitenzi vya namna hiyo vinahesabiwa, kisha kila mpimaji afuate uamuzi huo.

Saa ina hatari kubwa zaidi. MoCA kamili humtaka mgonjwa achore saa inayoonyesha kumi na moja na dakika kumi kwa hesabu ya Kiingereza. Mpimaji akisema “saa kumi na moja na dakika kumi”, mgonjwa aliyekulia katika saa za Kiswahili ataelekeza mshale mfupi kwenye tano, naye atakuwa sahihi kabisa, ilhali fomu itamhesabia kosa. Maelekezo yanayopaswa kusomwa ni “saa tano na dakika kumi”, na yasomwe kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno, si kwa kubuni papo hapo. Hata hivyo wapo watakaoipeleka “saa tano” kwenye namba tano. Nao wanahitaji kanuni ya kusahihishwa iliyoandikwa mapema.

Alama 26 kati ya 30 kwenye MoCA, inayochukuliwa kuwa mpaka wa kawaida, ilitoka Montreal mwaka 2005. Kipimo humwongezea alama moja mtu mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu, lakini alama hiyo haimtendei haki bibi ambaye hajawahi kushika kalamu. Watafiti waliotengeneza kipimo cha IDEA wilayani Hai, Kilimanjaro, walitumia njiti za kiberiti badala ya kuchora. Kipimo hicho kililenga ugonjwa wa kusahau kwa wazee, si kiharusi, lakini busara yake inatufaa.

Mgonjwa aliyepoteza lugha msimhukumu kwa kipimo kinachotegemea kuzungumza. Kipimo cha Oxford kilichochapishwa mwaka 2015 kwa ajili ya kiharusi huruhusu kuonyesha kwa kidole, na hupanga majibu wima katikati ya ukurasa ili asiyeuona upande wa kushoto asipoteze alama za kumbukumbu kwa sababu hiyo tu.

Mnaporudia kipimo, tumieni toleo jingine la maneno, maana yale ya awali huenda ameshayazoea. Kwenye faili, pamoja na alama, andikeni toleo, lugha iliyotumika, miaka ya shule, mkono aliotumia, kama alivaa miwani, na sehemu zilizorukwa pamoja na sababu yake, ili mpimaji wa hospitali nyingine aweze kurudia kipimo kile kile kwa namna ile ile.