Rafiki alinitoa machozi

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimetazama The Lion King, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ukumbi wa Lyceum, London. Rafiki, yule nyani mganga, alipopaza sauti kwa Kizulu, mwili ulinisisimka. Twiga akatokea, kumbe ni mtu anayetembelea magongo manne! Simba aliimba vizuri, lakini macho yangu hayakubanduka kwa Rafiki. Kwenye filamu ni dume. Mbona jukwaani ni mwanamke?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni uamuzi wa mwongozaji, Julie Taymor, aliyeona hadithi imepungukiwa wanawake wenye uzito. Mwigizaji wa kwanza wa Rafiki huko Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, 1997, alikuwa Tsidii Le Loka wa Afrika Kusini. Nami sauti ile ya mwanzo huniliza kila mara. Ukirudi, kaa kando ya njia ya katikati ya viti. Wanyama hupita hapo hapo.