Kabla hamjaingia studio, mkalisheni mpiga dramu kwenye dramu zake

Juzi kijana mmoja wa Nzega kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nimesikia wimbo wenu. Na sisi tuna bendi ya roki, tuko watatu, tumechanga laki moja na nusu. Tuingie studio sasa au tusubiri tufike Dar?" Nilimjibu mstari mmoja, kisha usiku usingizi ukapaa. Jibu kamili ni hili hapa, na ni la kila mmoja wenu anayetaka kutoa singo ya kwanza.

Sisi tuko Tabora, wanne, mimi napiga besi. Tulifanya mazoezi karibu mwaka mzima kwenye ghala tupu la tumbaku, trei za mayai tumezigongelea ukutani. Mwaka huo nauruka. Wimbo ukaiva, tukachanga, tukatafuta studio.

Tuliyoipata ilizoea Bongo Fleva. Prodyuza ni mtu muungwana, alitupokea vizuri, ila alikuwa na maikrofoni moja ya kuimbia basi. Dramu zinataka angalau nne: moja kwenye ngoma ya mguu, moja kwenye sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, mbili juu kwa ajili ya matoazi. Akasema, "Dramu nitazitengeneza kwenye kompyuta, nyie leteni magitaa." Tukakubali. Mpiga dramu wetu akatoka, akakaa kizingitini na vijiti vyake viwili, akawa anagonga goti taratibu, mapigo yaleyale aliyoyatunga mwenyewe. Alikaa pale saa nne. Mimi nilikuwa namwona kupitia mlangoni, na niliendelea kurekodi. Hilo linaniuma mpaka leo, kuliko lolote lililosemwa baadaye kuhusu wimbo wetu.

Jirani na ghala anaishi mzee ambaye ujanani alipiga gitaa la rithimu. Tukampelekea wimbo kwenye simu. Akausikiliza mpaka mwisho, simu kaigandamiza sikioni.

"Wanangu, ngoma hapa kapiga nani?"

"Kompyuta, mzee."

"Ndiyo maana. Huyu hapumui."

Akatukumbusha mji tunaoishi. Tabora hii ndiyo ya Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Zama zile bendi ilisafiri mpaka Dar es Salaam kurekodi Radio Tanzania, na walipiga wote kwa pamoja. Akikosea mmoja, wimbo unaanza upya. Gitaa linamsikiliza mpiga ngoma, mpiga ngoma anamtazama mwimbaji. Sisi tulikuwa tumerekodi watu watatu na kompyuta, wasiosikilizana.

Tukaufuta. Pesa ya mara ya kwanza ilikwenda na maji. Tukaazima maikrofoni kanisani na kwa rafiki anayepiga muziki harusini, tukarekodi ghalani kwetu, usiku, bendi nzima kwa mkupuo. Umeme ukakatika saa mbili. Tukawasha jenereta, na hapo nikajifunza kitu: pedali ya kukwaruza, kile kifaa cha gitaa kinachokanyagwa kwa mguu, hulikuza wimbi la gitaa mpaka vilele vyake vinakatika, ndiyo maana sauti inachachamaa, lakini inakuza na kila uchafu unaopita kwenye waya. Jenereta ikaingia kwenye gitaa kama nyuki kwenye mzinga. Tukazima, tukakaa gizani hadi saa tano umeme uliporudi. Tuliurudia, na rekodi tuliyoichukua ni ya mara ya sita. Mpiga dramu alikuwa amelowa jasho, na kwenye kiitikio cha mwisho kaharakisha kidogo, sote tukamfuata. Hatukusahihisha. Hapo ndipo wimbo unapumua.

Gitaa la rithimu tulilipiga mara mbili baadaye, moja kushoto, moja kulia, ili liwe nene. Na besi yangu niliiongezea mkwaruzo ili ipate na sauti za juu, kwa sababu spika ya simu haibebi sauti nzito za chini, na watu wetu wanasikiliza kwa simu. Jaribuni wimbo kwenye simu ya bei rahisi na kwenye bajaji kabla ya kuutoa. Usajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema pia, sisi tulichelewa bure.

Mapokezi? Mtangazaji mmoja aliukata kwenye sekunde ya 38, hewani, akasema kelele hizi za wazungu zisubiri usiku wa manane. Mama yangu alikuwa anasikiliza. Nililia chooni. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946, lakini Tabora ukipiga gitaa kwa nguvu unaambiwa umeiga! Hata hivyo nilirudi kuusikiliza wimbo kwa sikio la yule mtangazaji: utangulizi ulikuwa wa sekunde 50 kabla ya sauti ya mtu. Tukatengeneza toleo la redio lenye utangulizi wa sekunde 12. Redio nyingine imelipiga mara tatu.

Na yule mzee tulimpelekea tena. Safari hii hakuiweka simu sikioni, aliilaza mezani, mkono wake wa kulia ukaanza kukata rithimu hewani. Mnajua nilivyojisikia?

Kwa hiyo vijana, fanyeni mazoezi. Fanyeni mpaka mpige bila kutazamana, kisha ndipo mtazamane. Msimwache mwenzenu nje ya mlango kwa sababu studio ni ndogo au pesa ni kidogo. Mwenye kompyuta akiwaambia ngoma yenu haina haja, fungeni magitaa mwondoke, hata kama mmeshalipa. Sisi tulilipa na tulibaki, ndiyo maana nasema kwa ukali. Dar itakuwepo tu.

Na wewe wa Nzega, laki na nusu yenu msiipeleke popote kwanza. Jumamosi pandeni basi la asubuhi, njooni na vijiti na nyaya zenu. Dramu zipo, maikrofoni tutaazima. Tunafungua ghala saa nane mchana, na mpiga dramu wetu kasema atamwachia wa kwenu kiti.