Njia ya Bear Creek: Je, Mtoto Anaiweza?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Denver, na mwezi Julai tunakusudia kwenda na binti yetu wa miaka 12 katika mji wa Ouray, hapa Colorado, tupande njia ya Bear Creek inayopita juu ya korongo hadi kwenye migodi ya zamani. Tunasikia ni nyembamba na haina ukingo upande wa genge. Je, inamfaa mtoto? Na migodini mtu huruhusiwa kuingia?
Msomaji, Denver

JIBU: Dada, inamfaa mtoto msikivu asiyeshikwa na kizunguzungu akitazama chini, ila mimi ningehofia zaidi saa ya kuanza kuliko wembamba wa njia. Julai na Agosti, radi hupiga mara kwa mara nyakati za mchana katika milima ya San Juan, na kwenye ubavu ule wa mwamba hapana pa kujihifadhi. Ondokeni alfajiri, ili saa sita iwakute mmekwisha kushuka.

Njia huanzia penye handaki la barabara namba 550, kusini kidogo mwa mji, ikapanda kwa kona nyingi juu ya vipande vya mawe meusi bapa vinavyoteleza, hasa wakati wa kurudi. Halafu hufika kwenye genge, ambako wachimbaji wa karne ya 19 walilipua mwamba kwa baruti ili wapate upenyo wa kupitisha punda na baghala, waliopandisha vyakula na zana na kuteremsha mawe yenye madini. Kwa maoni yangu kazi hiyo inastaajabisha kuliko migodi yenyewe. Hapo binti atembee upande wa ukuta, kati yenu wawili.

Baada ya kilomita 4 hivi mtakuta mabaki ya mgodi wa Grizzly Bear. Wa Yellow Jacket uko karibu kilomita 7 kutoka mwanzo, katika kimo cha zaidi ya mita 3,300, yaani kati ya Mandara na Horombo kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro. Kwa mtoto, Grizzly Bear inatosha. Milima hii ilikuwa ya Waute, wenyeji wa asili wa eneo hili, hadi mkataba wa 1873 ulipoitoa kwa wachimbaji. Reli ilifika Ouray mwaka 1887, na mwaka 1893, serikali ya Marekani ilipoacha kununua madini ya fedha, bei ya madini hayo ilianguka na migodi mingi ya eneo hilo ikafungwa.

Msiingie shimo lolote, hata lililo wazi. Mbao zinazoshikilia dari zimeoza, hewa ya ndani huweza kukosa oksijeni, na sakafuni huenda pana shimo jingine la kwenda chini lisiloonekana. Vyuma na mbao mtakavyovikuta viacheni vilipo, kwa kuwa vinalindwa na sheria. Maji chukueni ya kuwatosha kutoka mjini, kwani yanayochuruzika migodini huwa na metali zenye sumu ambazo kuchemsha hakuziondoi.