Tangi Bila Mchanga: Uliza Kwanza Samaki Analala Wapi

Wadogo zangu mlioanza kufuga samaki wa maji chumvi majuzi, nawapenda, lakini mmenichosha. Kila mwezi kuna anayetoa mchanga wote kwenye tangi, anafurahia naitreti (mabaki ya uchafu yaliyoyeyuka majini) kushuka, kisha anaagiza samaki aitwaye Halichoeres iridis kwa sababu ya ile rangi yake. Baada ya siku chache inakuja picha ya samaki aliyevimba mdomo na swali lilelile: maji yangu yana kasoro gani? Hayana. Chumvi iko 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji, joto nyuzi 26, na skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inavuta. Umemnunua samaki wa kulala mchangani ukamlaza juu ya kioo.

1. Uliza analala wapi kabla hujauliza bei. Halichoeres, Macropharyngodon, Coris na Anampses hujizika mchangani taa zikizimika, na hata mchana wakishtuka. Ukiwaondolea mchanga hawaachi tabia hiyo. Wanapiga mbizi vilevile, kichwa mbele, na kinachowapokea ni kioo.

Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Macropharyngodon bipartitus wangu nilimchagua kwa msafirishaji wa samaki hai huku Pwani. Alikuwa kwenye kisanduku kisicho na chembe ya mchanga, ametulia, macho yanazunguka. Nikasema moyoni, kama hapa anaishi, kwangu ataishi. Sikufikiria kwamba pale ni mahali pa kusubiri ndege tu, wala hakuna anayekusudia akae. Usiku nilisikia kitu kikigonga kioo, nikadhani konokono ameanguka kutoka kwenye jiwe. Alikuwa yeye, anatafuta pa kuingia. Kwa muda aliendelea kula, kisha mdomo ukavimba. Alikuwa anaifuata artemia, vile vijikamba vya chakula, anaifungulia mdomo, anaitema. Nikabadilisha maji, nikapima amonia, nikapunguza nguvu ya pampu, nikafanya kila kitu isipokuwa kumpa mahali pa kulala. Mzee mmoja aliyewahi kuzamia samaki wa mapambo alipomwona aliuliza swali moja tu: "Mchanga wake uko wapi?" Nikaweka bakuli la mchanga jioni hiyohiyo. Aliingia papo hapo, hakusita hata kidogo. Lakini alikuwa amekwisha kukonda, na hakupona. Bado naona aibu nikikumbuka alivyoharakisha kuingia.

2. Bakuli linasaidia: mchanga laini, kina cha sentimita 5 hadi 8, kwenye kona yenye mkondo mdogo, na liwe limewekwa kabla samaki hajafika.

3. Bakuli halimsaidii anayekula mchangani. Samaki aitwaye Valenciennea puellaris huchota mchanga kwa mdomo, huupitisha kwenye matamvua na kubaki na vijidudu. Kwenye bakuli atavimaliza upesi, kisha tumbo litaingia ndani. Mkundaji naye huchimbua kwa ndevu zake, mwacheni baharini. Samaki wa Opistognathus hujenga shimo kwa mchanga na kokoto. Bila shimo hana nyumba.

4. Wanaofaa tangi bila mchanga ni wengi, na wengine ni wa bahari yetu hii. Klauni Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi hawajali sakafu. Kijana mmoja alinipigia akiwa na hofu kwamba klauni wake wanalala wameegemea bomba la pampu. Nikamwambia awaache, wamechagua kitanda. Centropyge acanthops hazidi sana sentimita 8 na hulala kwenye nyufa za mawe, ila anaweza kudonoa matumbawe. Cirrhilabrus exquisitus ni jamaa wa akina Halichoeres, lakini yeye hujifunika ute katikati ya mawe. Funika tangi kwa wavu, maana anaruka. Kangaja wa Ctenochaetus hukwangua utando kwenye mawe na vioo, kazi nzuri kabisa, lakini Ctenochaetus striatus hufikia sentimita 26. Tafadhali, asiingie kwenye tangi la lita 200 kwa kisingizio kwamba bado ni mdogo.

5. Samaki wengine huogopa taswira yao kwenye kioo cha chini. Paka rangi sakafu kwa nje kabla ya kujaza maji.

6. Ukimnunua aliyevuliwa Pwani, mwulize muuzaji kama alitolewa kwenye mwamba au kwenye mchanga kando ya mwamba. Wazamiaji wanajua, na muuzaji akiwapigia simu watamwambia. Akikujibu kwamba samaki yeyote anaweza kuishi popote, lipia chumvi yako uondoke.